Mkataba wa Kuazima

Watunga programu wa mtaa ule walimwita Mama Vifungu, tena kwa kumcheka, mpaka siku walipobanwa. Kazi yake ilikuwa kuipitia mikataba yao kabla hawajatia saini. Ofisi yenyewe chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule, feni ikilalamika kuliko wateja.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupanda ngazi zile: mdogo wake, aliyenyonya naye ziwa moja. Huyo alikuwa na programu yake ya kuendesha maghala, ameilea tangu hajaoa. Kampuni moja ilipomwita aifanyie marekebisho kwa matumizi yao, dada alimwambia, "Niletee mkataba niusome."

"Dada, ukianza vifungu vyako watu watakimbia. Nimeazima wa rafiki yangu. Kwake umefanya kazi vizuri tu."

Ndiyo mazoea ya watunga programu hao. Kipande cha programu kikifanya kazi kwa mwenzako, unanakili, unabadilisha majina, maisha yanaendelea. Na mkataba akaufanya vivyo hivyo, akatia saini wala hakuusoma. Kumbe rafiki yule alikuwa mwajiriwa, na mkataba wake ulisema kila alichotunga, cha zamani na kipya, ni mali ya kampuni.

Sasa kampuni ilimtaka afute nakala zake zote za programu ile, ndipo akazipanda ngazi. Dada alisoma, akarudia, akitafuta pa kumpenyezea. Hapakuwa na upenyo. Mganga hajigangi, na sisi huisema methali hiyo tukicheka, kama haituhusu.

"Si niliitunga mimi?"

"Uliitunga wewe, mdogo wangu. Na saini ni yako."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

Jibu dada alikuwa nalo. "Futa. Usipofuta watakushtaki, na sitakuwa na la kukutetea."

Akafungua kompyuta mezani pa dada yake, akafuta. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Kisha akasema bila kumtazama, "Ungenilazimisha. Wateja wako si unawalazimisha?"

Hasira zilimpanda dada, kisha zikamwishia mwilini. Ni kweli. Wageni aliwahi kuwapokonya kalamu mikononi. Lakini huyu wa tumbo moja, dada aliogopa asije akanuna, akamwachia atie saini.

Mdogo wake alikusanya vitu vyake, akashuka bila kuaga.