Veranda ya Kuonwa na Barabara

Siku niliyochoka kabisa, nilimkalisha mtoto juu ya ramani. Mume wangu alikuwa ameitandaza mezani, ramani ya tatu, akinionyesha kwa kidole: hapa sebule, hapa veranda, vioo mpaka chini, nyumba ya kisasa. Nikamweka mtoto pale pale kwenye veranda.

"Haya, mwambie atoke nje akacheze."

"Wewe, mtoe! Ataikojolea!"

"Afadhali aikojolee kuliko aporomoke."

Na kweli akaikojolea, mpaka sebuleni.

Shamba letu liko Mbooni, mahali ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Miaka miwili tulikaa chumba kimoja cha mabati, kwenye kijisehemu kilichochimbwa mlimani, tukingojea hiyo nyumba. Hatua sita kutoka mlangoni, ardhi imekwisha. Mtoto alipoanza kutembea, nikawa namfunga leso kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda, ndipo nipike. Akilia nalia naye. Nilimaliza Form Four nije kuwa askari jela wa mtu mmoja, na mimi mwenyewe siruhusiwi kutoka.

Mume wangu alifanya kazi Kibwezi, akija mwisho wa mwezi. Mchoraji wa ramani alikuwa huko huko, kwenye tambarare, na kwetu hajawahi kukanyaga. Fundi wetu ndiye aliyepaona. Tulishika naye mpira wa maji, ule wa kupimia usawa, yeye nyuma ya kiwanja, mimi mbele. Ilibidi niinue ncha yangu mpaka mikono ikanyooka juu ya kichwa, ndipo maji yakaacha kumwagika.

"Umeona, mama?" akaniambia. "Hapo ulipoinua ndipo sakafu ya veranda."

Nilitaka kitu rahisi: mlango na veranda viwe upande wa mlima, mtoto akitoka akutane na udongo. Mume wangu akacheka.

"Na watu wakipita barabarani kwenda kanisani, waone mgongo wa nyumba?"

"Hao wa kanisani ndio watamshika akianguka?"

"Hesabu za Form Four hizo. Mchoraji amesomea."

Akaianika ramani juani, ikakauka, akaipeleka kaunsili ipitishwe. Jumatatu nikambeba mtoto mgongoni, nikateremka mpaka ofisini kwao. Karani alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Lakini shamba ni la mumeo. Wewe unalalamika kama nani?"

Nikamwomba karatasi. Nikaandika nikiwa nimesimama:

"Napinga ramani ya nyumba iliyoletwa na mume wangu. Veranda yake iko juu kuliko kichwa cha mtu mzima na haina ukingo. Aliyeichora hajafika kwenye kiwanja. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Naomba isipitishwe mpaka mtu wa ofisi yenu apande aje apime, na siku hiyo nitakuwa nyumbani, kwa sababu siwezi kuwa kwingine. Mlalamishi: atakayelala humo kila siku."