Pombe ya Msiba Wangu

Siku msiba wangu ulipopangwa, nyumbani kwetu walikuwepo baba mdogo, mkewe, shangazi yetu aliyetoka Biharamulo, na wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nyuma ya pazia, nikikohoa. Wazazi wetu walikwisha kufa, na nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili niwalimie wadogo zangu. Sasa kifua kikuu kilikuwa kimenilaza, na wote waliamini kwamba ni zamu yangu.

"Jumapili hafiki," alisema baba mdogo, bila hata kupunguza sauti. "Tukate ndizi sasa, zitaiva kwa wakati."

Alikata mikungu ya ndizi za pombe katika shamba la marehemu baba yangu, akaifukia shimoni iive, tayari kwa msiba. Nilijua anachotaka. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe ng'ambo ya kilima, ndizi zilinunuliwa hata kabla hazijashuka mgombani. Nikifa, shamba lingekuwa lake, na wadogo zangu wangegawanywa: mmoja akachunge mbuzi wake, mwingine akapike kwa shangazi.

Nikajiwekea lengo la wiki ile: kufika Jumapili.

Nilifika. Ndizi nazo ziliiva, na hakuna aliyekuwa tayari kuziacha zioze. Zikakamuliwa, pombe ikachacha, wakainywa uani huku nikiwasikia wanavyocheka. Shangazi peke yake alisukuma kibuyu pembeni.

"Mimi sinywi msiba wa mtu ambaye bado anakohoa," alisema.

Wiki iliyofuata lengo lilikuwa kukaa mlangoni asubuhi, baba mdogo akipita. Nilikuwa nimeanzishiwa dawa katika hospitali ya mahema kule kambini, dawa zilizogeuza mkojo wangu rangi ya chungwa. Mdogo wangu wa kike aliniegemeza kwenye mwimo wa mlango, na baba mdogo, aliyengoja kunizika, akatokea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Bado upo?"

"Bado. Pombe ilikuwa tamu?"

Akaenda zake. Salamu ile ilinichosha, nikalala mchana kutwa, lakini nililala nimeshiba.

Baada ya hapo lengo likawa kufika mgomba wa kwanza kwa fimbo. Nilianguka njiani, nikatema damu, wadogo zangu wakaniburuta hadi ndani. Wiki iliyofuata nikaweka lengo lilelile. Kanisani watu waliniombea afya. Mimi nilikuwa namwombea baba mdogo, asije akafa kabla sijapona.

Nilipoweza kushika kisu, kila wiki nilipogoa migomba michache. Kwetu shamba likining'inia majani makavu, watu huhesabu kwamba mwenyewe ameliacha. Nilipomaliza mstari wa mwisho, nikawaita wazee wa ukoo.

Sikuzungumzia shamba, walikuwa wameliona walipoingia. Nilimdai baba mdogo kazi, mbele yao. Katika ukoo wetu pombe ya msiba hainywewi bure: aliyeinywa hurudi na jembe, akawalimia wafiwa siku nzima.

"Lakini wewe hukufa!" baba mdogo alifoka.

"Hilo si kosa langu. Wewe ulikunywa."

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kisha wakaamua: ana deni la siku moja ya jembe, peke yake, katika kipande changu kilicho kando ya barabara, ambako kila mtu hupita.

Msimu ule hakuja, akasingizia mgongo. Wakimbizi wakaondoka, kambi ikabaki udongo mwekundu na visiki, hakuja. Sasa ni mzee, anatembea kwa mkongojo. Wanawe wamekuja kuniomba wamlimie wao. Nimewakatalia. Kipande kile sijakigusa mpaka leo, magugu yamefika kiunoni, na kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha napita kwake.

"Shikamoo, baba mdogo. Ardhi imelainika."