Siku Niliyompigia Mzee Silvano Kengele ya Msiba

Jamani, haya nimewaficha hata wakwe zangu, maana kuna aibu ya kuanguka kwenye tope mbele za watu, ukanawa yakaisha, na kuna hii yangu ya kutangaza kifo cha mtu wakati mwenyewe yuko hai anakunywa uji.

Ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Biashara zilikuwa zimeshaachiwa huru, sabuni tuliyoipangia foleni utotoni sasa imejaa madukani ya kila rangi, lakini ugonjwa ukafika tu kwetu ziwani (kijiji chetu ni nusu siku kwa miguu kutoka Liuli), na Bwana Afya, kijana mpole aliyeletwa kutoka Tabora, akapita na baiskeli yake akitangaza hakuna kukusanyika, si kilabuni, si msibani, si kanisani. Padri wetu akatafuta njia. Akasema kila Jumapili saa tatu kengele italia, na kila nyumba isimame mlangoni kwake iimbe wimbo ule ule, ili tujue bado tuko pamoja.

Mpiga kengele wetu, Mzee Silvano, naye alikuwa ameugua, amelazwa kwenye madarasa ya shule ng'ambo ya kijito, na hata mkewe Bibi Tabita haruhusiwi kuvuka. Kamba nikapewa mimi kwa sababu nakaa jirani na kanisa (na kwa sababu, niseme ukweli, niliiomba). Mimi ni mwimbaji wa sauti ya pili. Nilikuwa naanika usipa wangu, vidagaa vya ziwa letu, uani huku naimba sauti ya pili bila ya kwanza, na nawaambia, hakuna upweke kama huo.

Jumapili ya kwanza nikapiga, wimbo ukaanza, ukawa vurugu tupu: wa ufukweni wako ubeti wa pili, wa mlimani ndio kwanza wanaanza, wa katikati wamenyamaza wanasubiri wenzao. Nikalia pale chini ya kengele. Wiki nzima nikawaza, nikapata akili yangu (ndiyo iliyoniponza): Jumapili ijayo nitawapigia mapigo, pole pole, moja moja, wote wafuate kengele, tuimbe kama tuko chumba kimoja.

Siku ikafika. Nikapiga za kuita kama kawaida, nikatua kidogo, kisha nikaanza. Napiga, nahesabu mpaka nne, napiga tena, macho nimefumba, naimba kwa raha zangu. Sasa, mtoto yeyote wa kijiji kile, nikiwemo mimi niliyezaliwa pale, anajua kwamba kengele ikilia moja moja kwa kituo kuna mtu amekufa. Lakini kichwani nilikuwa na kwaya tu. Nikaona mbona hawaimbi? Nikaongeza nguvu.

Kilichonifumbua macho ni mayowe. Watu wanakimbilia kanisani, kina mama wamejifunga kanga viunoni, na mbele yao Bibi Tabita, mikono kichwani, analia, "Silvano! Umeondoka hata hatujaagana!" (Mgonjwa aliyekuwa amezidiwa kule shuleni alikuwa ni mumewe peke yake.) Kamba ikanitoka mkononi.

"Nani kakuletea habari?" mzee wa kanisa akaniuliza.

"Hakuna," nikasema. "Nilikuwa nawapigia wimbo."

Bwana Afya akafika anahema. "Dada, umewatoa watu wote hawa kwa ajili ya wimbo?" Akaanza kupaza sauti, achaneni, hatua tano tano, msishikane mikono! Mimi nikapiga magoti mbele ya Bibi Tabita, sijui hata nimpe pole ya nini. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akafuta machozi kwa pindo la kanga, akawaangalia watu wale ambao hawakuwa wameonana wiki sita, akamgeukia Bwana Afya.

"Mwanangu, wameshakuja. Waache waimbe ubeti mmoja, mume wangu asikie kwamba tupo."

Tuliimba hatua tano tano uwanja mzima, Bwana Afya ametugeuzia mgongo. Sauti ya kwanza ikaingia, nikaipokea kwa ya pili, nikashindwa kumaliza kwa kilio.

Baada ya hapo, wiki mbili nzima nilikuwa nikiamka nachungulia nyumba za watu, nikiogopa nimewaletea ugonjwa kwa ujuaji wangu. Mungu alinisitiri, hakuugua hata mmoja.

Mzee Silvano naye akapona. Siku aliyorudi nilikwenda kumwamkia, shikamoo yenyewe haijatoka vizuri. "Marahaba, muuaji wangu," akasema. "Niliisikia kengele yangu, nikamuuliza nesi nani amekufa, hajui. Nikahesabu mapigo, nikasema huyu mpigaji anakwenda mbio, kazi haijui. Halafu nikawasikia mnaimba." Hapo akaangalia pembeni.

Niliapa sitaishika tena kamba ile, na kiapo nikakitunza miaka tisa, hadi Mzee Silvano alipofariki kweli, kwa uzee, kitandani kwake. Asubuhi ile Bibi Tabita aliniita.

"Nenda kapige wewe," akasema. "Na safari hii usiende mbio."

Nilikwenda. Nilipiga pole pole, macho nimeyafumbua.