Uzito wa Mama Wanne

Hata leo nikifunga mlango narudi kuusukuma mara tatu. Watu wa nyumbani hunicheka, nami hucheka nao, lakini sijawahi kuwaeleza kwamba tabia hiyo ilizidi tangu siku tuliyokwenda Mbarara kuchukua mashine ya kusaga.

Mashine ilikuwa ya akina mama wa kanisa letu, Wakongo wa Kivu Kusini kama sisi. Walikuwa wameuza mahindi na maharage ya misimu miwili ili waipate, kwa sababu kutoka kijijini kwetu, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenda kusaga Base Camp, kwenye kituo kikuu cha kambi, kulikula asubuhi nzima, beseni kichwani, halafu foleni. Dereva alikuwa baba mdogo, yaani mdogo wa baba yangu. Alikuwa na pikapu kuukuu, na alikuwa na jina: kambi nzima ilijua kwamba hajawahi kuangusha mzigo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona najua kuvuta trela kuliko yeye. Nilikuwa nimeokota kitabu cha gari cha Kifaransa kisicho na jalada, nikakisoma peke yangu mpaka kurasa zikalegea. Jambo moja lilinikaa kichwani kama sala: uzito mwingi uwe mbele ya ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu ya trela, ili shingo, kile chuma kirefu kinachoshikana na gari, ikandamize nyuma ya gari kidogo. Shingo ikiwa nyepesi, trela ndiyo huendesha gari. Sikuwa na mizani ya kupimia, basi nikajitungia kipimo: kabla ya kuifunga kwenye gari niinue shingo kwa mikono miwili, na magoti yatetemeke.

Tulipofika gereji huko Ruti, Mbarara, mafundi walikuwa wamekwisha kuipakia mashine kwenye trela. Injini, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote, walikuwa wameikaza kwa bolti nyuma ya ekseli. Nikainua shingo. Ilikuja juu kama ufagio. Nikawaambia waifungue, waisogeze mbele.

"Wewe kijana ya kitabu," fundi mmoja akasema, "hii mashine iko muzuri. Unataka tubebe kwa mugongo?"

Wenzake wakacheka. "Sebo, mvua nakuja," mwingine akamwambia baba mdogo kwa heshima. "Endeni."

Baba mdogo akatazama mawingu upande wa Isingiro, kisha akanigeukia. "Ni wewe njo mwenye kupima. Ukisema tufungue, tutafungua."

Kabla sijajibu, mama wanne waliokuja kuipokea mashine wakapanda kwenye trela. Walikaa mbele kabisa, juu ya magunia matupu, migongo yao kwenye mashine. Nikainua shingo tena, na magoti yakatetemeka.

"Iko sawa," nikasema.

Sikumwambia mtu kwamba usawa ule ulikuwa miili yao. Niliona haya kuwaambia mama zangu kwamba nimewapima kama magunia. Na zaidi ya haya hizo, ukweli ni kwamba nilitaka mafundi waache kucheka.

Nilikaa nyuma kwenye pikapu, nikiwatazama wao na kamba. Kwenye lami trela ilifuata vizuri kama mbuzi wa nyumbani. Mama mmoja akanitania, "Muangalie huyu. Anaangalia kamba kama mwenye kungojea bibi-arusi!" Wakacheka, nami nikacheka, huku nikihesabu mafundo.

Lami ikaisha. Barabara ya udongo ilikuwa imelowa. Kwenye kilima cha kwanza kikubwa baba mdogo akaingiza gia ya kwanza, na gari likatambaa karibu kusimama. Sasa, kwetu gari lililoelemewa likifika mlimani, watu hushuka wakatembea. Hakuna anayeombwa. Ni adabu tuliyokuja nayo kutoka milima ya kule.

"Tushuke, tusaidie motokari," akasema mama aliyekuwa mkubwa kwa umri.

Wakashuka mmoja mmoja, wakishikana mikono. Wa pili alipokanyaga chini nilikuwa nimekwisha jua kwamba shingo inabaki nyepesi. Nilifungua mdomo. Lakini kuwaambia warudi kulitaka niseme na sababu, na nikajidanganya kwamba kilima ni kifupi. Wa nne akashuka.

Nikahisi sakafu ya pikapu ikiinuka chini yangu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure kwenye matope. Trela ikaturudisha, ikajikunja kando, ndoano ya kuivutia ikakatika, nayo ikapinduka mtaroni. Hakuna aliyeumia. Injini ililala katika maji mekundu, chuma chake kimepasuka kama chungu.

Akina mama walisimama ukingoni mwa mtaro. Kisha yule mkubwa akainua mikono. "Aksanti Mungu, tulishuka. Tungekufa."

Nikashuka mtaroni kukusanya kamba.

Baba mdogo alisimama mbele yao, kofia mkononi, akasema kosa ni lake. Hapo kambini watu wakasema macho yake yamechoka. Hakuna aliyempa mzigo tena, na baada ya miezi michache aliuza pikapu, akachukua jembe.

Msimu uliofuata tulikuwa tukipalilia mahindi, mimi na yeye, kila mmoja na mstari wake. Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Ile siku ya Ruti, ulipima?"

"Nilipima, baba mudogo."

"Na ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

Akapalilia hatua kadhaa. "Basi ni mikono yangu," akasema.

Akina mama walikuwa wakipita pembeni ya shamba, mabeseni ya mahindi kichwani, wakielekea Base Camp. Baba mdogo akanyooka, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka wa mwisho alipopita. Mimi niliendelea kuinama. Mstari wangu ulikuwa umepinda kidogo, nikarudi mwanzo kuunyoosha.