Kitabu Kilichoanzia Kulia

Kitabu chenyewe kilinuka samaki mkavu na mafuta ya taa. Mama alikianika siku tatu juu ya paa la nyumba yetu ya Mutsamudu, mji wa bandari wa kisiwa chetu, akakifukizia udi, na bado ukikifungua harufu ilikupiga puani. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Siku moja meli ya Kijapani ya uvuvi ilitia nanga mbali na gati, kama meli zote kubwa za wakati ule, ili kumshusha baharia mgonjwa. Baba alimbeba mgonjwa kutoka mashuani mpaka kwenye gari, na baharia mwenzake, kwa kukosa lugha ya kushukuru, akamtilia mikononi makopo mawili na kitabu kinene cha picha nyeusi na nyeupe. Siku hizi hata watoto wadogo wanajua kwamba vitabu vya namna hiyo huitwa manga. Sisi tulikiita kitabu cha samaki. Nilikuwa na miaka tisa. Nchi yetu ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na kabla mwezi wa kwanza wa uhuru haujaisha serikali ilikuwa imeshapinduliwa, lakini mimi nazikumbuka zaidi siku zile kwa sababu ya kitabu.

Nyumba ilikuwa ya mama, kama zilivyo nyumba kwetu, ila aliyeijaza alikuwa baba yake, Bakoko, ndivyo tunavyomwita babu. Alikuwa fundi, yaani mwalimu wa Kurani, na ukumbi wa chini ulikuwa chuo chake. Watoto wa vichochoro vyote vya jirani walikaa pale juu ya mikeka kila asubuhi na kila alasiri, na sauti zao zilipanda mpaka jikoni pamoja na vumbi. Tulidhani angekitupa kitabu, maana picha za watu hakuzipenda. Akanikuta nimelala kifudifudi sakafuni, nimekifungua kwa upande wa kulia. Mimi sikujua upande mwingine. Vitabu vyote nilivyowahi kushika ni vya chuoni, na vya chuoni huanzia kulia. Bakoko akainama, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaona picha zinafuatana vizuri. "Hawa nao wanaanzia kulia?" akauliza, akacheka mpaka akakohoa. Akaenda kuchukua miwani. Alisema watu wanaoanzia kulia hawawezi kuwa wabaya wote.

Tangu siku hiyo, watoto wakishaondoka alasiri, tulikaa wawili tukasoma kurasa tano, sita. Kusoma ni neno kubwa. Yale maandishi hakuna aliyeyajua. Bakoko alitazama picha, akamwekea kila mtu maneno yake. Kijana wa hadithi alimpa jina Yatima. Mwanzo kabisa kijiji kinaungua, na mzee mmoja anamtoa mtoto katika majivu. Mzee anamlea, anamfundisha, na siku moja Yatima anashuka kisimani, anatoa upanga uliofichwa humo na kwenda kulipiza kisasi. Anaua watu wengi. Katikati ya kitabu anamwona mtoto akilia juu ya maiti ya baba yake, aliyeuawa na Yatima, na ukurasa mzima ni uso wa mtoto huyo. Kurasa za mwisho Yatima anarudi, anautupa upanga kisimani, anamkuta mzee wake hawezi tena kusimama, anainama, anambeba mgongoni, wanapanda kilima kwenda nyumbani. Picha ya mwisho ni migongo yao tu. Hapo mzee wa kitabu alikuwa anasema kitu, na Bakoko kila mara alikisema kwa sauti ya chini: "Umerudi, mwanangu." Tulikimaliza kitabu na kukianza tena sijui mara ngapi. Nilikuwa mtoto mwenye furaha, na nalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu ya niliyoyafanya baadaye.

Kaka yangu mkubwa, Bakari, alikuwa akisoma Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine, katika shule ya sekondari ya serikali. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, hodari wa Kifaransa, na Bakoko alijivunia yeye kuliko sisi wote. Kisha mapinduzi yakawapa vijana wa shule madaraka. Waliwekwa kwenye kamati, wakaambiwa nchi ni yao na kwamba wazee ndio waliokuwa wakiizuia kwa majoho yao, harusi zao kubwa na hirizi zao. Mengine yalikuwa kweli, sitadanganya. Harusi kubwa zilikuwa zimewafilisi watu wazima wenye akili zao. Lakini ukimpa mtoto wa miaka kumi na saba ruhusa ya kumdharau babu yake, usitegemee atachagua cha kudharau na cha kuacha. Bakari alipokuja likizo akashuka botini, akamkuta Bakoko amemngojea gatini tangu asubuhi, hakumwambia "Kwezi", salamu tunayowapa wakubwa. Alimwambia "Jeje", kama anavyomsalimu mwenzake wa mpira. Bakoko alikuwa ameshafungua kinywa kujibu "Mbona", jibu la kwezi. Akalimeza neno lake, akamsaidia kubeba mzigo.

Bakari alikiona kitabu siku hiyo hiyo, akakifungua kwa upande wa kushoto, kama vitabu vyake vya Kifaransa. Alikisoma kinyumenyume toka mwisho hadi mwanzo, amekaa barazani, macho yakimwaka. Basi kwake yeye hadithi ilianza na kijana aliyeelemewa, kabeba mzee mgongoni. Anamtua chini. Anatoa upanga kisimani. Anapigana na maadui, na mwishowe kijiji kikuukuu kinateketea, na kutoka majivuni anatoka mtoto. "Taifa jipya hilo," akasema. Nikamwuliza mbona Yatima anazidi kuwa mdogo kila ukurasa. Akajibu kwamba mapinduzi humrudishia mtu ujana. Alikuwa na jibu kwa kila kitu wakati ule. Kisha akanitazama, labda na yeye kuna kitu kilimkera, akaniuliza, "Zaina, nyinyi mlikisomaje?" Alikuwa ameshaniambia kwamba atakitengenezea mchezo wa kuigiza huko Moroni, na kwamba mtoto wa majivuni angeweza kuwa mimi. Nilikuwa sijawahi kupanda boti. Nikasema, "Hivyo hivyo, kaka." Sikusita hata kidogo.

Moroni nilikaa wiki tatu kwa shangazi, karibu na bandari ya zamani, na sitajifanya kwamba nilisikitika huko. Tulifanya mazoezi katika ua wa shule, juu ya mawe meusi ya volkano yaliyochoma nyayo mchana. Wasichana wakubwa walinisuka nywele. Kijana mmoja wa Ntsoudjini ndiye aliyekuwa mzee. Walimbandika ndevu za pamba na kumvisha joho la kuazima, na kila alipotuliwa chini watu walicheka hadi machozi. Yatima aliigizwa na Bakari mwenyewe. Katika kitabu Yatima hakucheka hata mara moja, na baada ya uso wa yule mtoto alikuwa akitembea ameinamisha kichwa. Yatima wa Bakari alitembea kifua mbele, akapiga kelele, akatoa hotuba kila upanga wa mti wa adui ulipoanguka. Mimi nilijificha nyuma ya makuti, uso umepakwa majivu, nikangoja moshi, nikatoka nimeinua ngumi. Nilipigiwa makofi kuliko wote. Usiku shangazi alinisugua majivu usoni kwa dodoki, akasema uso wangu umekuwa mkavu.

Mchezo ukaletwa Mutsamudu. Nilimpelekea Bakoko habari mwenyewe, mbio, toka gatini mpaka chuoni: kaka anaonyesha hadithi ya kitabu chetu, na mimi nimo. Hakuuliza lolote. Watu wengi wa umri wake hawakutoka nje siku zile ila kwa haja, na majoho walikuwa wameyafungia masandukuni, lakini yeye alilitoa lake, jeusi lenye utepe wa dhahabu, akalikung'uta, akavaa na kilemba. Mama alimsihi avae kanzu tu. Alijibu kwamba mjukuu wake anaonyesha kitu mbele ya mji mzima, na haendi huko kama anakwenda sokoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni nasikia. Neno moja tu lingetosha: Bakoko, kaka amekigeuza. Sikulisema, kwa sababu nilijua asingekuja, na nilitaka anione.

Ilikuwa baada ya alasiri, uwanja wa karibu na bandari, watu wameambiwa waje na wamekuja. Mkuu wa kamati, kijana asiyezidi miaka ishirini, alimwona Bakoko mbele na joho lake, akamnong'oneza Bakari. Nilikuwa nyuma ya makuti nikasikia: ndevu za pamba za nini, na za kweli hizo hapo? Bakari angeweza kusema huyu ni babu yangu, kila mtu alijua. Badala yake alikwenda mpaka alipokaa Bakoko, akamgeuzia mgongo, akapiga goti. Nami nikamwona Bakoko anaelewa. Nilimwona usoni. Alielewa kama tulivyosoma mimi na yeye, kwamba hapa ndipo kijana anaporudi, kwamba tumefika ukurasa wa mwisho. Akavua viatu ili asimchafue mjukuu wake, akapanda mgongoni, akamkumbatia shingo. Wote tulimsikia akisema, "Umerudi, mwanangu." Bakari alitembea naye hatua kama kumi. Kisha akamwachia, na Bakoko akaanguka kwa makalio kwenye vumbi, na wawili wa kamati wakalivuta joho kutoka mabegani mwake wakaliinua juu kuwaonyesha watu. Mkuu wa kamati akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukapiga, wengine wakiwa wameinamisha macho. Moshi ukawashwa. Ilikuwa zamu yangu, na nilitoka. Nilitoka nimeinua ngumi, nikatabasamu kama nilivyofundishwa, na Bakoko akiwa bado amekaa pale chini, miguu peku, ananitazama.

Hakunikemea, wala siku ile wala nyingine. Ningependa angenichapa. Chuo kilifungwa wiki iliyofuata. Haikuhitajika amri, wazazi waliogopa tu, na mikeka ikakunjwa. Bakoko alikaa ukumbini peke yake saa zile zile za darasa. Mara moja nilimpelekea kitabu cha samaki, nikamwekea mapajani, nikakifungua kwa upande wa kulia. Alikifunga taratibu, akaniambia macho yake yamechoka. Alifariki kabla utawala ule haujaanguka, na kwa hiyo hakuona wale vijana wa kamati wakisakwa mitaani, wala watu waliopiga makofi wakidai hawakuwapo. Bakari alikimbilia Mahore, kisiwa kilichobaki kwa Wafaransa, kisha Marseille, na kitabu aliondoka nacho. Mama hakulitaja jina lake kwa miaka mingi.

Mimi nilikuja Dar es Salaam kusoma, nikaolewa, nikabaki. Mwaka jana nilikwenda Marseille kwa sababu Bakari ni mgonjwa wa moyo na alinipigia simu akilia. Mwanawe, Ilyasi, ana rafu nzima ya manga, na katika rafu hiyo nikamwona Yatima, amechapwa upya, maneno yametafsiriwa kwa Kifaransa. Ilyasi alifurahi kwamba shangazi yake anamjua. Alinionyesha na katuni yake ya televisheni, na nusura nizime: Yatima huyo hafungi mdomo, anachekesha, mzee amekuwa kikaragosi anayejikwaa, na upanga hautupwi kisimani kamwe, maana ukitupwa hakutakuwa na vipindi vingine. Ilyasi alisema kitabu ni bora. Nikamwomba anisomee maneno ya ukurasa wa mwisho, nikijua nitasikia nini. Mzee wa kitabu, akiwa mgongoni, hasemi umerudi mwanangu. Anasema, "Nishushe, naweza kutembea." Na Yatima hamshushi. Kumbe hata Bakoko alikuwa amekibadilisha kitabu, akatia humo alichokitamani yeye. Sijui kama nimelia kwa jambo lolote kama nilivyolilia hilo, jikoni kwa watu, bomba limefunguliwa ili nisisikike.

Ilyasi hamwamkii baba yake. Anapita sebuleni na vizibo vya muziki masikioni, anasema neno moja la Kifaransa, anaingia chumbani, na Bakari hubaki na kinywa kimefunguka nusu. Nilimwonea huruma na sikumwonea huruma. Jioni moja alichukua kile kitabu kipya mezani, akakifungua kwa upande wa kushoto, na pale mbele akakuta ilani iliyochapwa kwa herufi kubwa: simama, umeanzia mwisho, geuza kitabu. Kisha akasema yeye alikuwa mtoto, alisoma kama alivyofundishwa kusoma, na zaidi ya hayo aliniuliza. "Nilikuuliza, Zaina. Ukasema nyinyi mlikisoma hivyo hivyo." Niliona kwamba miaka yote hii amekuwa akilalia neno langu hilo kama mto. Ningeweza kumwachia, ni mgonjwa. Nilimwambia kweli, wala si kwa ajili ya Bakoko. Nilikuwa nimechoka kukaa nayo peke yangu. Nilimwambia tulianzia kulia, kila siku, na kwamba nilidanganya kwa kutaka kupanda boti. Hakunigombeza. Alikigeuza kitabu, akafunua upande wa kulia, akakifunga.

"Na Bakoko?" akaniuliza. "Siku ile, naye alikuwa anajua hadithi yenyewe?"

"Alijua," nikamwambia. "Ndiyo maana alipanda."