Nili-ping printa ya Papa kutoka Kigali, kumbe anayejibu ni simu iliyo mfukoni mwake

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi wa mitandao, niko Kigali. Papa yangu yuko Rusizi, pale Kamembe, ana kaduka ka kuchapa na fotokopi. Zamani Maman ndiye alikuwa wa mashine. Papa alikuwa wa kukata karatasi na kupiga stori na wateja.

Maman alifariki mwaka jana. Duka likafungwa.

Juzi kanisa moja la Nkanka likamwomba achape nyimbo za ubatizo wa Jumapili. Akakubali! Nilifurahi mno, maana tangu msiba alikuwa anakataa kila kitu.

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika. Uliporudi, printa ikagoma. Akanipigia WhatsApp.

"Chantal, hii kitu imenikatala. Batu ba kanisa banakuja saa nane. Nitabarudishia kazi yabo, nifunge tu."

Ile sauti ndiyo iliyonitisha, si printa.

Nikaingia kwenye kompyuta ya duka kwa mbali, nikafungua command line, lile dirisha la kuandikia amri. Nikapiga ping, yaani kubisha hodi kuona kama kifaa kiko hewani, kwenye IP ya printa, anwani yake ya mtandao: inajibu safi. Telnet, ili niingie ndani ya printa yenyewe na kuipa amri: connection refused, muunganisho umekataliwa. Mara tatu.

Iko hai, lakini imenifungia mlango? Nikapoteza karibu saa nzima nikihangaika na port, yaani milango yake ya mtandao, Papa kimya kwenye simu.

Mara akatoka nje kumsalimia jirani. Simu, iliyokuwa kwenye Wi-Fi ya duka, ikakata. Na ping ikafa palepale! Aliporudi ndani, ping nayo ikarudi.

Nikacheka peke yangu ofisini. Umeme uliporudi, router, kile kifaa kinachogawa mtandao dukani, iliipa simu ya Papa ile IP ya zamani ya printa. Kosa langu, sikuwahi kuipa printa IP ya kudumu.

"Papa, saa nzima nilikuwa nabisha hodi kwenye mufuko yako."

"Na mufuko ilikujibu nini?"

Nikamwambia abonyeze kitufe cha printa mpaka itoe karatasi ya mipangilio yake. Akavaa miwani, akanisomea IP mpya, tarakimu moja moja. Telnet ikafunguka.

Kwenye orodha ya mipangilio, sehemu ya mhusika, nikakuta MAMAN CHANTAL, yaani mama yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku tunaiunganisha ile printa mara ya kwanza, Maman aliniambia niandike jina lake, ili mashine ijue bosi ni nani.

Ilinichukua muda kuandika tena.

"Papa, huku kuna jina ya Maman. Niweke yako?"

Akajibu:

"Hapana. Mashine iko yake. Miye niko namusaidia tu."

Nikaipa printa IP ya kudumu, nikairekebisha kwenye kompyuta, karatasi zikaanza kutoka. Watu wa kanisa walikuta kazi imeshabanwa pini.

Jumamosi simu yake tena. Nikauliza haraka, printa imefanya nini?

"Hakuna. Iko muzuri. Nilitaka tu tuongee."

Tukaongea mpaka chai yangu ikapoa.

Nilichojifunza: ping ikijibu, hakikisha kwanza ni nani anajibu. Na aliye kando ya mashine muulize mapema, usimwache kimya saa nzima kama mimi.

Nani mwingine yamemkuta? Na nyie wenye mzazi anayeishi peke yake, huwa mnampigia hata kama hakuna kilichoharibika? Karibuni.