Mwalimu Aliyetuonyesha Nyota za Kusini

Juzi nilirudi Tuwan, kule Kitale, na giza lilipoingia nikatazama kusini. Rafiki yangu, sikuona kitu. Taa za majumba mapya zimemeza anga yote. Hasira niliyodhani imeisha ikanipanda upya.

Tulipokuwa wadogo, upande ule ulikuwa shamba tupu. Jioni kukhu, nyanya yangu, alisonga ugali wa wimbi, harufu ya mboga ya mrenda ikijaa jikoni, nami nikipukuchua mahindi hadi vidole vinawaka. Siku ambazo mvua ilipusa, mwalimu wetu wa sayansi alikuja na darubini yake ya macho mawili, akatukusanya watoto wa mtaa ukingoni mwa shamba.

"Angalieni kale kadoa keupe," alituambia. "Ni kishada cha nyota changa. Zingine ni nzito kuliko jua letu mara nyingi sana. Zinajichoma kwa pupa, kwa hivyo hazitazeeka."

Nilipotazama, kale kadoa kakatawanyika kakawa nyota tele, kali kama cheche za jiko. Sikutaka kumpisha mwenzangu.

Jirani yetu, mzee wa kanisa, alituona. Jumapili akasimama mbele ya watu. "Mnaacha huyu mama mwalimu afundishe watoto kuabudu nyota? Huo ni uchawi, bana!"

Wiki hiyo wazazi walijaa uwanjani mwa shule, wengine na fimbo. Mwalimu alijaribu kueleza, wakamzomea. Mmoja akampokonya darubini akaiponda kwa jiwe. Kukhu peke yake ndiye aliyepenya katikati yao, unga bado mikononi.

"Kwani hizo nyota ziliumbwa na nani?" akauliza. "Si ni Mungu? Sasa mtoto akiziangalia, dhambi iko wapi?"

"Nyamaza, mama," jirani akafoka. "Rudi kwenu Bungoma."

Kukhu hakusogea, ila hakuna aliyemsikiliza tena. Mwalimu aliondoka siku hiyo hiyo kwa bodaboda, godoro limefungwa nyuma yake. Hata kutuaga hawakumruhusu. Aliyeletwa badala yake alipofika kwenye somo la nyota, alituambia tufungue somo linalofuata. Darasa zima likafungua.

Kukhu hayupo tena, na shamba halipo. Wengi waliokuwa uwanjani siku ile bado wapo. Wakinikuta njiani wananisalimu kwa tabasamu, "Sasa, mtoto wetu?" Mimi napita tu.